Damu ya Nasra Ilikumbuka

Salma alinipigia simu asubuhi nikiwa naosha vyombo kwangu Msata. "Shangazi Tatu," akasema, "Mama Mkubwa ametutoka." Sikumuuliza Mama Mkubwa yupi. Salma ni mtoto wa mke mwenza wa Nasra, na tangu ajue kusema alikuwa na Mama Mkubwa mmoja tu. Nilikaa kwenye kigoda na povu la sabuni mikononi nikalia kama mtoto, mimi mwanamke mzima niliyestaafu kazi ya maabara, niliyezoea kuona watu wakija na kuondoka. Kuzika sikuwahi, maana Bagamoyo maiti haimsubiri mtu anayehangaika na usafiri. Nilipofika walikuwa wamekwisha rudi kutoka makaburini. Viatu vya wanaume vilijaa barazani, na wanawake walikuwa wameketi mikekani katika chumba cha kati, chumba kile kile ambacho mimi na Nasra tulikuwa tukichambua mchele. Bi Ruzuna, mama mkwe wake, alikuwa ameegemezwa mito pembeni, amezeeka hata kuinua mkono kwake ni kazi. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia, kisha akanikazia macho yenye ukungu. "Huyu si yule wetu wa maabara?" Nikasema ndiye. Tulikuwa na jambo letu mimi na yule bibi, na kwa miaka yote hii hatukupata kulisema.

Habari za kwetu Miono nitaziacha, hazina kazi hapa. Itoshe kwamba nilikuja Bagamoyo binti mbichi kujifunza kazi katika maabara ya hospitali, zamani hizo ambapo aliyetaka kupeleka habari Dar alimtafuta mtu anayesafiri. Bi Ruzuna alinipa chumba cha uani. Kilikuwa chumba chembamba, chokaa ya ukutani ikikuacha mweupe bega ukiiegemea, na dirisha lake lilitazama kisima na jiko. Asubuhi niliamshwa na harufu ya udi ukifukizwa ndani, na mchana nilikaribishwa na harufu ya papa mkavu anayerowekwa. Bi Ruzuna alikuwa mjane wa mfanyabiashara, mtu wa asili ya Oman kama walivyo wengi wa mtaa ule wa zamani, na mwanawe Seif ndiye aliyebaki na duka la vitambaa. Kwa nini alinikubali mimi Mkwere wa shamba, alinieleza mwenyewe siku ya kwanza. "Mkwe wangu ni mgeni hapa, hana mwenziwe. Nataka mtu mwenye adabu wa kukaa naye jioni. Ukinichafulia nyumba utaondoka." Sikuichafua. Nitasema haki hata pale roho inapokataa, Bi Ruzuna alinitendea wema mwaka ule. Nikiugua homa alinikorogea uji kwa mkono wake, akakaa kunitazama mpaka niumalize.

Mkwe mwenyewe ndiye Nasra. Alikuwa binti wa kaka yake Bi Ruzuna, amelelewa Saadani ambako mama yake alikuwa na duka na kuuza samaki wakavu, na nilipofika hina ya harusi ilikuwa bado haijatoka kwenye kucha zake. Alikuwa na mwanya, na kicheko alichokificha nyuma ya ukaya Bi Ruzuna akiwa karibu. Alipojua kazi yangu inaanza na vichupa vya mikojo, basi ikawa ndiyo nafasi yake. "Daktari wa mikojo amerudi!" angesema nikiingia uani. "Umenawa lakini? Usije ukanishikia vitumbua vyangu." Nami nilimwambia wa Saadani wananuka ng'onda, samaki wao wakavu, hata wakioga maji ya waridi. Tulikaa jikoni, yeye kwenye mbuzi akikuna nazi, mimi nikipepea moto, tukasemana hivyo mpaka wali ukaiva. Sikuwa nimepata kuwa na rafiki wa namna ile, na sikupata mwingine.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, darubini karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga, na friji ya mafuta ya taa iliyotoa moshi ikikasirika. Mkuu wake alikuwa Bwana Mhando, mtu mpole, mwenye kikohozi, ambaye hakuweza kukuonyesha kitu bila kukueleza sababu yake. Ndiye aliyenifundisha kwamba katika kazi zote za mwili, iliyo ngumu ni kumjua nani wa nyumbani na nani mgeni. Kila chembe ina alama zake juu ya ngozi yake, alisema, na ile alama ambayo mwili hauitambui kuwa yake ndiyo tunaiita antijeni. Mwili ukiiona hutengeneza kingamwili, kitu kidogo mno kilichofinyangwa kikae juu ya alama ile moja tu. Alichukua kifuniko cha birika lake la chai akakiweka juu ya birika langu, kikayumba. Akakirudisha kwenye lake, kikatulia. "Umeona? Hivyo tu. Na mara ya kwanza mwili huwa mzito, Tatu, unajifunza. Ukishajifunza hausahau. Alama ile ikirudi hata baada ya miaka, unaiwahi." Nikaona ni jambo zuri sana. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikamsimulia Nasra habari ya birika, naye akasema kumbe ndani ya mwili nako kuna mambo ya kifamilia.

Nasra alipopata mimba haikutangazwa. Kwetu pwani mimba haitangazwi, huogopwa macho ya watu, na mwenye nayo hujifunika kanga mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Mimi niliijua kwa udongo. Nilimkuta nyuma ya kisima anatafuna kipande cha udongo kama mwizi wa sukari, akacheka, akaniwekea kidole mdomoni nisiseme. Baadaye Bi Ruzuna akampeleka kliniki. Walikaa benchi moja mbele ya sista, na sista alipouliza hii ni mimba ya ngapi, Bi Ruzuna alijibu, "Ya kwanza," kabla Nasra hajafungua mdomo. Sista hakuona ajabu, maana mama wakwe ndivyo walivyo. Kisha wakaja dirishani kwetu kutoa damu, na mimi ndiye niliyemchoma, yeye akinong'ona, "Taratibu, Daktari, hiyo si damu ya kuku."

Kupima kundi la damu siku zile tulitumia kigae cheupe. Unaweka matone ya damu, juu ya kila tone unadondosha maji ya dawa, na ndani ya dawa hiyo mna kingamwili zinazotafuta alama yake. Kisha unakiinamisha kigae huku na huku. Alama ikiwapo, kingamwili huzishika chembe na kuzifunga pamoja, na damu unaiona ikikatika vidonge kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Ya Nasra haikukatika. Tone baada ya tone lilibaki laini, jekundu, limetulia. Nilidhani nimekosea nikarudia, kisha nikamwita Bwana Mhando. Akakitazama kigae. "Kundi O, na alama iitwayo D hana. Wachache wako hivi. Mumewe?" Seif aliitwa kutoka dukani akapimwa, na yake ilikatika mara moja. Bwana Mhando akatukalisha akatueleza. Mtoto anaweza kurithi alama ya baba. Damu ya mtoto ikimpenya mama, kama inavyotokea wakati wa kuzaa au mimba inapotoka, mwili wa mama utaiona D kuwa ni mgeni na utajifunza kuipiga. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika, kwa sababu wakati mwili unamaliza kujifunza yeye ameshazaliwa. Wanaomfuata ndio wanaoteketea tumboni. "Lakini kwa kuwa hii ni ya kwanza," alisema, "tunayo nafasi." Kulikuwa na sindano, ya kuchomwa mama ndani ya siku tatu baada ya kuzaa. Na kulikuwa na kipimo cha kutazama kama kingamwili hizo zimekwisha kujitokeza, ila dawa yake ilikuwa adimu, kichupa kimoja kidogo, nasi tuliiweka kwa ajili ya wanawake waliokwisha kubeba mimba kabla. Nasra hakuwa mmoja wao. Hakupimwa.

Seif aliagiza sindano kutoka Dar. Ililetwa imefungwa kwa barafu na magazeti, nami nikaiweka kwenye friji rafu ya juu, nyuma ya chupa zetu. Kila asubuhi nikifungua friji niliitazama. Nilijiona mlinzi wa watoto wote wa Nasra watakaokuja. Bwana Mhando alinieleza nayo inavyofanya kazi, kwamba ndani yake mna kingamwili zile zile za D, za kuazima. Zinaziwahi chembe za mtoto zilizobaki kwa mama na kuzifuta kabla mwili wake haujaziona, ili usijifunze kitu. Nikauliza kingamwili hizo zinatoka wapi. "Kwa wanawake," alisema. "Wanawake ambao miili yao ilikwisha jifunza. Waliopoteza watoto wakakubali kutoa damu." Aliniacha nimesimama na mlango wa friji wazi mpaka akanikumbusha mafuta ya taa yanakwisha.

Sasa nije kwenye jioni ile ya jikoni, ambayo nimeirudia kichwani zaidi ya jambo jingine lolote maishani mwangu. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa, amekaa kwenye mkeka miguu ameinyoosha, anakatakata vitunguu vya kachumbari. Mimi nilikuwa namenya muhogo. Akaniuliza, bila kuinua uso, "Tatu, hivi huo mwili unakumbuka hata kitu kidogo? Kitu ambacho hakikudumu?" Nikamjibu kwa majivuno ya mwanafunzi kwamba unakumbuka hata tone. Akauliza, "Na kikiwa kimefichwa? Hakuna anayekijua?" Nikacheka. Nikamwambia mwili haujui mambo ya kuficha, wenyewe unajua alama tu. Hakucheka nami. Alimaliza kitunguu alichokishika, akanawa, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwa Bi Ruzuna na kufunga mlango. Nilisikia sauti ya Bi Ruzuna ikiwa ya chini. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikauliza kuna nini, na Bi Ruzuna aliyekuja nyuma yake akanijibu, "Mashaka ya mimba, mwanangu. Kila mwanamke huyapata. Na wewe usimjaze mambo ya hospitali, mwache azae." Nikaona ni kweli nimemtisha. Kuanzia siku ile sikuzungumza tena habari ya damu mle ndani, na Nasra hakuuliza tena.

Alijifungua mwezi wa Shaabani, alfajiri, mtoto wa kiume. Seif alimwadhinia sikioni akamwita Said, jina la baba yake. Nilimwona asubuhi nilipokwenda kuchukua damu ya kitovu. Alikuwa mzuri, ana nywele nyingi, ila amelegea, hanyonyi kwa nguvu. Nasra alikuwa mchovu na mwenye furaha kuliko nilivyopata kumwona. "Mtazame mwanya wake," alisema. "Hana meno lakini mwanya ninauona." Kufika adhuhuri weupe wa macho ya mtoto ulikuwa umegeuka manjano, kisha manjano ikateremka usoni, kifuani. Bi Ruzuna alisema ni manjano ya kawaida ya watoto, kesho atatolewa kwenye jua la asubuhi. Sista hakukubali. Akaja maabara mwenyewe akizungumza na Bwana Mhando kwa sauti ya kubana.

Bwana Mhando alikitoa kile kichupa kimoja cha dawa adimu. Aliziosha chembe za damu ya mtoto mara kadhaa, akadondosha dawa, akasubiri, akainamisha kioo kwenye mwanga wa dirisha. Zilikatika vidonge. Hata mimi niliona, sikuhitaji kuambiwa. Kingamwili za mama zilikuwa zimekwisha kaa juu ya chembe za mtoto, zimezitambua zote, na mwili wa mtoto ulikuwa unazivunja wenyewe, ndiyo ile manjano. Bwana Mhando alikaa chini. "Hii si mimba ya kwanza," akasema. Nikamwambia ni ya kwanza, mimi nakaa nao nyumba moja, bibi harusi nimemkuta na hina. Akatikisa kichwa. "Tatu, mwili huu ulikutana na kitu hiki zamani. Nenda kamuulize. Mimi mwanamume, hatanijibu. Tukijua hakika tutaandika barua mwende nayo Dar, wambadilishe damu haraka."

Nilikwenda wodini mbio. Bi Ruzuna alikuwa ameketi kitandani ubavuni mwa Nasra, anamlisha mtori kwa kijiko. Nikauliza nikiwa nimesimama. Bi Ruzuna hakugeuka hata. "Tumeulizwa mara ngapi swali hili? Ni ya kwanza." Nasra alimtazama mtoto aliyekuwa kwenye mapaja yake, amelala usingizi ambao haukuwa wa kawaida. Kisha akausukuma mkono wenye kijiko, taratibu, kwa adabu. "Mama, niache niseme," alisema. Akanigeukia. "Ilikuwapo nyingine. Saadani. Kabla ya harusi." Kijiko kilianguka sakafuni, mtori ukamwagika kwenye kanga ya Bi Ruzuna, naye akabaki anaufuta, anaufuta, mpaka sista akampokonya kitambaa.

Tuliondoka na gari la kubebea mizigo la dukani, Seif akiendesha, Nasra na mtoto mbele, mimi nyuma na mkoba wa barua ya hospitali. Barabara ya Dar siku zile ilikuwa mashimo matupu. Tulipita Zinga bado kuna mwanga. Karibu na Kerege gari likasimama kando. Nilisubiri, nikidhani ni pancha. Kisha nikamsikia Nasra, sauti moja ndefu isiyo na neno ndani yake, nikajua. Seif alishuka akasimama barabarani, mikono kichwani, na yeye, aliyekuwa amesikia tu Saadani ikitajwa hospitalini, ndipo alipouliza, mimi nikiwa pale pale na masikio yangu, "Saadani kulikuwa na nini? Nasra, kulikuwa na nini ambacho mimi sikijui?" Kumbe hata yeye alifichwa. Tuligeuza gari tukarudi.

Nasra mwenyewe alinisimulia baadaye, siku alizokuwa ndani haoni watu. Nikaha yake na Seif ilisomwa mapema, kwa kuwa wazee walitaka jambo lishikwe, na harusi ikawekwa Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, ndipo atolewe na kuletwa Bagamoyo. Katikati hapo Seif alikwenda Saadani kumsalimia mkewe. Mke wake wa halali, alisisitiza Nasra akinitazama kama vile mimi ndiye hakimu. Haramu haikuwapo hata chembe. Ila bibi harusi hatolewi na tumbo. Watu wangehesabu miezi kwa vidole, wangesema binti wa fulani alianza kula kabla ya karamu. Mama yake akamficha ndani, na Bi Ruzuna akaitwa, wakashauriana mabibi wawili namna ya kuiwahisha harusi. Kabla hawajakubaliana mimba ikatoka ikiwa na miezi minne, katika mwezi wa Rajabu. Alivuja damu nyingi hata wakadhani atawafia. Hakupelekwa hospitali. Kilichotoka kilizikwa na shangazi yake, Bi Ruzuna mwenyewe, nyuma ya nyumba, bila jina, na mabibi wakaapishana kwamba hakikuwapo. "Jioni ile ya vitunguu," Nasra aliniambia, "nilimwomba Mama ruhusa nikaseme. Akasema, utasema nini, mwanangu, kitu kisichozaliwa hakihesabiwi. Utamtia mumeo aibu bure. Nami nikaona anajua zaidi yangu." Kisha akanieleza kwamba yeye alikihesabu. Hakujua ni wa kike au wa kiume, lakini alimpa jina la mwezi wake, Rajabu, na hakumwambia mtu ila mimi.

Wanawake walipokuja kutoa pole walisema Mungu amempenda zaidi Said. Nilitoka uani kila waliposema hivyo. Nilimchukia Bi Ruzuna, nasema wazi. Nilimtazama akipokea mikono ya watu, akijibu "tumeshukuru, tumeshukuru," nikasema moyoni kwamba laiti ungelitamka neno moja tu kwenye benchi ya kliniki, kile kichupa kingefunguliwa mapema, Nasra angekwenda kuzalia Dar na madaktari wakimsubiri, na labda leo tungekuwa tunamtafutia Said mbuzi wa akika. Labda. Bwana Mhando alinionya nisiishike mno ile labda, kwamba hata Dar wengine huwapoteza. Lakini ni hiyo niliyobaki nayo. Mwaka ulipokwisha nikahama nyumba ile. Bi Ruzuna alinifungia mikate ya kumimina ya njiani, nikaipokea kwa mikono miwili, na sikuila.

Sindano ilibaki kwenye friji. Kwa Nasra haikuwa na kazi tena, kwani inazuia mwili kujifunza, haiufanyi usahau kilichokwisha ingia. Siku moja akaja mke wa mwalimu mmoja, mimba ya kwanza kweli, damu yake imebaki laini kwenye kigae vile vile. Nilikwenda kumwomba Nasra. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. "Ya nini kuniuliza," alisema. "Mpeni." Halafu, nilipofika mlangoni, akaniita. "Tatu. Yule mama aliyetoa damu ya kutengenezea, unadhani wake alikuwa na jina?"

Hakubeba tena. Seif hakumwacha, hilo nalo niseme, wala mapenzi yake kwake hayakupungua. Alioa mke wa pili kwa idhini yake, na watoto wakajaa nyumbani wakimwita Mama Mkubwa, wakamlalia mapajani na kumchosha kama wanavyochoshwa akina mama wote. Kila nilipopita Bagamoyo tulikaa jikoni. Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimeshakuwa mkubwa wa maabara yangu, akaniambia nimpime. Nikamuuliza nimpime nini. "Unajua," akasema. Nikachukua damu, nikaipima kwa dawa ambazo siku hizo hazikuwa adimu tena, na kingamwili zilikuwapo, hafifu kuliko zamani, lakini zipo, bado zinaijua alama ya D kama zilivyoijua siku ile ya kwanza. Nilisita kumwambia nikidhani nitamtonesha. Akasikiliza, akatabasamu, mwanya ukaonekana. "Kwa hiyo kuna mahali anakumbukwa," alisema. Hakusema nani. Alifunga kifungo cha mkono wa gauni akaniuliza kama nitakula.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu siku ya tatu, siku ya hitima. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, juzuu langu mapajani, nikiwaza kwamba ile damu sasa iko chini ya mchanga, na kumbukumbu yake imekwenda nayo. Nje walikuwa wanapakua pilau. Kisomo kilipokwisha, mwalimu wa madrasa ya wanawake, binti mmoja mwenye sauti nzuri, akajiandaa kuleta dua. Kama ilivyo ada aliuliza majina ya marehemu wa nyumba ile ili wote waombewe pamoja. Watu wakamgeukia Bi Ruzuna. Akawataja, polepole, mume wake, wakwe zake, kaka yake, wifi yake wa Saadani. Akamtaja Nasra, Salma akampa maji. Akamtaja mjukuu wake Said. Mwalimu akauliza, "Wametimia, bibi?"

Mkono wa Bi Ruzuna ulikuwa unapapasa ukingo wa mkeka, unakwenda na kurudi. "Bado," akasema. "Yuko mwingine. Yuko wa Saadani." Wanawake wakatazamana. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa enzi hizo. Salma akamwinamia, "Nani, bibi? Saadani yuko nani?" Bibi akamsogeza kando kwa kiganja, macho yake ya ukungu yananitafuta mimi kule mlangoni, na aliponipata akaniuliza mbele ya watu wote, "Tatu, mwanangu. Alimpa jina?"

Nilitaka kusema mengi. Niliyabeba tangu ujana wangu yale maneno, na nilikuwa na haki nayo. Lakini yule bibi alikuwa amenyoosha shingo akilisubiri jina, na nikajua ya kwamba naye alihesabu, miaka yote hii, peke yake.

"Rajabu," nikasema.

Mwalimu akarudia majina kwa ufasaha, akianza na mume wa Bi Ruzuna, na Rajabu akamweka mwisho. Bi Ruzuna akamgusa goti kumnyamazisha.

"Kwa watoto wa Nasra," akasema, "anza na huyo. Huyo ndiye mkubwa."